Sentimita Sita

Rosaire Beauchemin alikuwa na mkono mzuri, na huo mkono ndio uliomponza. Kwa miaka arobaini aliandika mabango ya maduka, majina ya mashua na bei za nyama kwenye vioo vya mabucha, kutoka Sorel hadi Trois-Rivières. Mashine zilipokuja kuwanyang'anya watu wa brashi mkate wao, zilimwachia kitu kimoja tu, nacho ni ubao wa klabu ya wavuvi ya Anse-aux-Joncs. Ubao huo ulitundikwa juu ya jiko la kuni katika nyumba ya klabu, kando ya mto Saint-Laurent, na haukuwa na nafasi ya watu wengi. Uliandikwa jina moja, mwaka mmoja na urefu mmoja wa samaki.

Samaki mwenyewe ni maskinonge, na ni kiumbe mwenye maringo. Ana mdomo wa bata na meno ya mbwa, na mtu mzima na akili zake anaweza kumsaka vuli tatu asione hata mkia. Ukimpata, unampima na kumrudisha majini. Hakuna anayemla, na atakayethubutu kumla atakula peke yake maisha yake yote, maana hakuna mwanachama atakayekaa naye meza moja. Kwa hiyo wa klabu hawarudi nyumbani na kitu ila namba, na namba hiyo haisemwi na aliyevua. Husemwa na mwenzake wa mashuani, anayelaza rula ya mbao, anasoma, na neno lake linaaminiwa kama amana.

Miaka ishirini na miwili Rosaire aliandika majina ya wengine kwa rangi ya dhahabu. Marehemu mkewe, Huguette, alikuwa akimchokoza kila Novemba anapomwona anafunga brashi zake kwenye kitambaa: "Na lako utaliandika lini, Bwana Mwandishi?" Naye hujibu kwamba zamu yake iko njiani. Alikuwa anacheka anaposema hivyo, lakini hakuwa anatania hata kidogo. Alilitaka jina lake pale juu ya jiko kuliko alivyotaka kitu kingine chochote, na aliona haya kwamba mtu wa umri wake anataka kitu kidogo kiasi hicho.

Sasa amefika sabini na minne, Huguette yuko makaburini mwaka wa nne, na binti yao Solange amemshinda kwa maneno. Baada ya Krismasi anahamia kwake Alberta, mbali kabisa upande wa magharibi, ambako mto wao, kwa mujibu wa Rosaire, mtu anauvuka kwa buti. Nyumba imeshapata mwenyewe. Safari ya klabu ya mwisho wa juma la kwanza la Novemba ilikuwa ya mwisho kwake, na kila mtu alilijua hilo.

Aliingia mashua ya Lionel Gendron, rafiki yake tangu shule. Utaratibu wa huko ni zamu ya saa nzima nzima: mmoja anashika usukani na kwenda polepole, mwingine anakaa nyuma na kuangalia mishipi inayokokota vyambo vya mbao, kila kimoja kinene kama mkono wa mtoto. Saa ikiisha wanabadilishana, na samaki ni wa mwenye zamu, hata kama chambo ni cha mwenziwe. Jumamosi hiyo ilikuwa na baridi ya kukata masikio na theluji nyepesi isiyojua kama ianguke au iache. Kufika saa tano kasoro dakika kumi, zamu ya Rosaire ikiwa ukingoni, ufito wa mshipi wa kulia ulipinda mpaka ukagusa maji.

"Ni jiwe," alisema Rosaire.

"Jiwe gani linakimbia kwenda Quebec?" Lionel aliuliza. "Kamata, mzee. Kamata kabla hujawa wewe chambo."

Ilichukua dakika ishirini. Bega la Rosaire, lile ambalo daktari alimwambia alitunze, lilimlilia tangu dakika ya tano, naye hakulisikiliza. Mara mbili samaki alikuja hadi ubavuni, akawatazama wote wawili, akarudi chini. Mara ya tatu Lionel alimwingiza kwenye kimia, kisha akaketi sakafuni kando yake. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuona ubavu mpana kama ule.

"Rosaire," alisema kwa sauti ya kanisani. "Rosaire, ndugu yangu, huyu ni wa ubaoni."

Alitoa rula, akailowesha ili isimchubue samaki, akamlaza, akagusisha pua yake kwenye ukingo na kubana mkia kama inavyotakiwa. Alivaa miwani. Akasoma, akaivua, akaifuta, akasoma tena. Rosaire alimtazama midomo.

"Mia na thelathini na nane," Lionel alisema. "Ngoja niangalie nusu. Hapana, hakuna nusu. Thelathini na nane kamili." Macho yalimjaa maji. "Natamani ningekuambia vingine. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba rula haina rafiki."

Ubao ulisema mia na arobaini. Na jina lililokuwa juu yake ni la Lionel Gendron.

Rosaire alicheka, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri kukisikia. Alimshika samaki mkia ndani ya maji yale ya barafu, akamwacha apate pumzi, mpaka vidole vyake vikafa ganzi na mkia ukajichomoa wenyewe. Aliendelea kuyatazama maji kwa muda baada ya samaki kwenda zake.

Sasa nitasema alichokuwa anacheka, maana duniani hakukuwa na mwingine aliyekijua.

Miaka tisa nyuma, walikuwa mashua hiyo hiyo, mto huo huo. Lionel alikuwa na uvimbe tumboni, kichwa hakina unywele, na mkewe alikuwa ameshazungumza na padri. Walimleta mtoni ili auage. Katika zamu yake akapata samaki mzuri, akampigania kwa nguvu ambazo hazikuwa zake, kisha akalala chali juu ya wavu, macho yamefumba, anahema. Rosaire ndiye aliyepima. Rula ilisema mia na thelathini na nne. Rekodi ya klabu ilikuwa mia na thelathini na saba, ya mtu mmoja mkimya aliyeitwa Aurèle Pinsonneault, na ilikuwa imekaa pale miaka kumi na tisa. Lionel akauliza bila kufumbua macho: "Ngapi?" Na Rosaire, mtu ambaye hajawahi kumpunja mteja hata herufi, akafungua mdomo na kusema: "Mia na arobaini."

Angeweza kusema thelathini na saba na nusu, ingetosha. Lakini anayetoa kisicho chake hutoa kwa mkono mkunjufu. Alidhani anampa mtu anayekufa kitu cha wiki sita.

Lionel hakufa. Masika alirudi na nywele, kiangazi alirudi na kitambi. Kabla ya hapo, Rosaire alikuwa ameshaufuta ubao kwa mafuta ya taa na kulitoa jina la Aurèle kwa mikono yake mwenyewe. Aurèle alikuja chakula cha mwisho wa msimu, akautazama ubao muda mrefu, akampa Lionel mkono, akachukua kofia yake. Hakurudi klabuni tena, na majira ya baridi ya tatu alikufa. Usiku wa chakula kile Rosaire alimwambia Huguette ukweli wote, akitegemea atamwambia kwamba amefanya jambo jema. Huguette akasema: "Umemkata Aurèle mguu ili umpe Lionel gongo." Hawakuligusa tena jambo hilo hadi alipofariki.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Rosaire alikuwa amekichimba chake, na sasa amefika chini kabisa.

Waliposimamisha injini wale mkate na maharage ya chupa, redio ya mashua ilikuwa haijanyamaza. Kila mashua ilitaka kusikia. Mtu mmoja alisema: "Mwambieni Rosaire angemvuta mkia kidogo, angerefuka." Wote wakacheka, ng'ambo hii na ng'ambo ile ya mto.

"Lionel," alisema Rosaire. "Yule samaki wako."

"Usinikumbushe, naona aibu leo. Laiti ningekuwa na uwezo wa kukugawia sentimita tatu." Lionel alifunika chupa yake. "Unajua kitu sijawahi kukuambia? Kule hospitali, nilikuwa na picha ya yule samaki pembeni ya kitanda. Daktari akija na sura ya msiba, mimi namwonyesha picha. Namwambia, Daktari, mtu aliyevua mia na arobaini hauawi na kauvimbe. Alinicheka. Lakini mimi nilikuwa naamini, Rosaire. Kwa dhati kabisa. Wengine walishika rozari, mimi nilishika namba." Akamtazama. "Ulitaka kusema nini?"

"Nilitaka kusema alikuwa samaki mzuri."

"Alikuwa mzuri sana," alisema Lionel, akawasha injini.

Jumapili adhuhuri mishipi yote ilitolewa majini, na watu wakakaa kwenye meza ndefu mbele ya supu ya njegere na pai ya nyama. Mwenyekiti, Mireille Cossette, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha meli, aligonga kikombe na kumwita Rosaire aseme neno la kuaga. Alisimama. Ukweli ulikuwa umeshafika nyuma ya meno yake. Aliupima huku na huku kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka mzigo mzito. Akisema, jina lake litakaa juu ya jiko kuanzia leo, na ni haki yake, kwa sababu thelathini na nane inaipita thelathini na saba ya Aurèle. Akisema, pia, atakuwa yule mpimaji aliyedanganya, na mtu aliyekaa kiti cha tatu, mwenye makombo ya pai kwenye sweta, atajua kwamba alichokishika kitandani hakikuwa kitu. Na Aurèle hatafufuka asikie.

"Asanteni kwa supu," Rosaire alisema, akakaa.

Walimpigia makofi marefu. Watu walidhani machozi ndiyo yaliyomkatiza, na wengine wakaanza kujifuta yao. Rosaire aliwachukia wote kwa muda wa dakika moja, na Lionel zaidi ya wote, kisha chuki ikakosa mahali pa kukaa ikamrudia mwenyewe.

Baada ya chakula lilibaki jambo moja, lile la kila mwaka. Ubao uliteremshwa, ukafutwa masizi, ukalazwa juu ya meza, naye Rosaire akafungua kitambaa chake cha brashi. Moshi wa jiko huila dhahabu, kwa hiyo kila Novemba alipitisha rangi mpya juu ya herufi zile zile. Mwaka huu Mireille alitaka mwanamke kijana mmoja ajifunze, lakini wote walisema hapana, mara hii ya mwisho ni ya mzee.

Alianza na L. Mkono haukutetemeka, na hilo lilimwuma, kwani alitarajia angalau mkono umsaidie. Alipita Lionel, akapita Gendron, akapita mwaka. Lionel alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa, anapumua karibu na sikio lake, amefurahi kama mtoto anayenyolewa kwa sherehe. Rosaire aliandika moja. Akaandika nne. Sifuri akaipitia kwa brashi iliyokuwa karibu kukauka, akaanza kufunga kopo.

"Subiri kwanza," Lionel alisema, akainama na kuonyesha kwa kidole. "Hapa kwenye sifuri pamefifia. Paongeze rangi, mzee wangu. Wewe ukienda, nani atatuandikia tena kwa haki?"

Rosaire alifungua kopo, akachovya brashi, akaiongeza rangi.