Chupa ya Maji ya Mgeni

Mvua ikinyesha Matungu, pampu yetu ilikuwa inanuka. Si kutu tu. Chini ya kutu ulisikia choo, harufu nzito inayokaa kooni hata ukishameza. Choo chenyewe tulikijua. Kilikuwa cha Shabani, mwenyekiti wa pampu, aliyekichimba upande wa juu, kwenye miwa, na nani angemkataza? Basi mama alichemsha maji, akayachuja kwa kitambaa, akayatia mtungini yapoe. Yalikuwa ya wageni na ya sisi watoto wawili, mimi na mdogo wangu Rashidi, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka.

Msimu huo bwana afya Makokha alikuja kupima maji ya pampu. Alifika kwetu na Shabani, akaangalia njia ya kushuka pampuni, akaangalia viatu vyake, akaketi.

"Mama, nijazie hii chupa. Matope yenu yatanimeza."

"Daktari, viatu vya Kakamega havijuangi njia zetu," mama akacheka, akaingia jikoni na chupa.

Kwetu mgeni wa mjini hapewi maji ya pampu, ni aibu. Mama alidhani anataka ya kunywa njiani. Akajaza kutoka mtungini, akaipangusa chupa kwa leso. Shabani aliona yote kutoka kitini. Alisema tu, "Vizuri, Mama Rashidi. Mgeni apewe maji mazuri."

Karatasi ilirudi na muhuri: maji ya pampu ni safi. Shabani aliipigilia misumari pale pampuni, akawasomea watu kwa sauti. Mama, aliyechoka kutafuta kuni kavu wakati wa mvua, akaacha kuchemsha. Serikali si imesema? Homa ya matumbo ikatulaza mimi na Rashidi mkeka mmoja. Mimi niliamka.

Kwenye matanga ya Rashidi, jirani mmoja aliuliza Makokha alichota saa ngapi, maana hakuna aliyemwona pampuni. Mama aliinuka, akaingia jikoni, tukasikia mtungi ukivunjika.

Niliishia darasa la tano, lakini waliomuua ndugu yangu nawajua. Makokha hakutaka kutembea. Shabani aliona akanyamaza. Mama nilikuwa simtaji. Leo namtaja, kwa sababu ya yaliyotokea juma lililopita.

Siku hizi pale pampuni kuna sola na tangi jeusi, na wajukuu wa Shabani wamechimba choo kipya pale pale pa babu yao. Mpimaji wa maji hakuja; alituma chupa kwa boda boda, tujaze turudishe. Mke wa mwanangu aliipokea, akaelekea jikoni.

"Zaituni, unaenda wapi nayo?"

"Nikatie yaliyochemshwa, baba. Si ni ya wakubwa wa kaunti? Hata mwaka jana nilitia hayo."

Nilimnyang'anya, nikashuka na matope mwenyewe, nikajaza kwenye bomba la tangi. Harufu ni ile ile.

Karatasi mpya haijarudi. Ya mwaka jana bado imebandikwa kwenye tangi, na muhuri wake. Nilienda kuing'oa, mwenyekiti wa sasa akanifukuza. Mjukuu wangu anajua kuisoma. Huisoma kwa sauti akingoja ndoo ijae.