Wapima Wasiobisha Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini nilizika bikoni, na kabla saruji haijashika ikang'olewa. Bikoni ni ile nguzo fupi ya zege inayozikwa kwenye kona ya kiwanja kuonyesha mpaka. Nilikuwa msichana pekee katika kikosi cha upimaji, nataka kuonekana, nikaisimamisha vizuri nyuma ya nyumba moja pale mjini Tabora nikakaa kando kungoja sifa. Akaja Mpima wa Mkoa, mtu mfupi asiyevua kofia yake ya turubai.

"Mwenye nyumba ameshika?"

"Hayupo, bwana. Mlango umefungwa."

"Ulibisha hodi?"

Nikatikisa kichwa. Akainama mwenyewe, akaing'oa, akaiweka kizingitini. "Akija aikute hapa. Sisi tutarudi."

Ndivyo tulivyofanya kazi, enyi vijana mnaosoma haya. Tulikuwa na mnyororo wa kupimia urefu na darubini ya kupimia pembe, lakini kwanza tulimwita mwenye nyumba na majirani zake, tukautembea mpaka wote kwa miguu. Watu walibishana, wakatukanana kidogo, wakakubaliana. Kisha mwenye nyumba aliishika bikoni kwa mikono miwili isimame wima wakati sisi tunamimina zege. Hakuna kitabu kilichotuagiza hivyo. Lakini Tabora nzima ilijua kwamba bikoni ambayo mwenyewe hakuishika ni jiwe tu.

Nilipohamishiwa Urambo tulimkuta mkulima mmoja yuko kwenye bani, yaani kibanda cha kukaushia tumbaku, na moto wa bani hauachwi. Tukaketi kumngoja. Afisa Ardhi wa Wilaya akaja na gari lake, amevimba.

"Serikali inamngoja mkulima?"

"Anayemngoja ni mimi," akasema Mpima, wala hakusimama. "Jani lake likiharibika leo, mpaka huu utagombaniwa hadi na wajukuu."

Afisa akaondoka zake. Jioni mkulima akatoka na macho mekundu kwa moshi, akashika bikoni zake zote. Baadaye nikapelekwa Kaliua, kwenye viwanja vya kandokando ya reli. Huko tulipokelewa kwa salamu ya Kinyamwezi, "Mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi, mama, na bakuli la karanga, maana watu walijua tumekuja kuwapimia, si kuwafukuza. Nikastaafu nikiwa na heshima yangu, nikarudi nyumbani kwangu Itetemia, hapa hapa Tabora mjini.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo damu inaponichemka.

Jumapili moja tulikuwa kanisani, sisi Wakatoliki kwetu na Wamoraviani kwao. Kurudi, mtaa mzima umechomekwa vigingi vya mbao vyenye utepe mwekundu, na kuta zimepigwa alama ya X kwa rangi. Jirani yangu Mama Kalunde alisimama mbele ya nyumba yake akiigusa ile rangi kwa kidole, bado mbichi. Ameijenga nyumba ile tofali kwa tofali tangu afiwe na mumewe. Njia ya umeme mkubwa inapita, tukaambiwa, na nyumba zetu ziko ndani ya mkuza. Mkuza ni ule ukanda unaoachwa wazi chini ya nyaya, pasiruhusiwe nyumba wala mti mrefu. Kwa hiyo tuhame.

Watu wakasema tunapinga maendeleo. Hiyo kauli inanikera kuliko rangi yenyewe. Umeme tunautaka sana. Tunachokataa ni kufanywa kana kwamba hatupo.

Ukaitishwa mkutano ofisi ya kata. Mhandisi wa mradi, kijana wa kizibao kinachong'aa, alinisalimia shikamoo kwa adabu, nikamwitikia marahaba. Kisha akasema tumeshirikishwa.

"Lini?" nikauliza.

"Mama, siku hizi tunapima kwa setilaiti."

"Hiyo setilaiti ilibisha hodi?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mama Kalunde akanyanyuka. "Mwanangu, nyuma ya mtaa wetu kuna pori tupu. Kwa nini nyaya zisipite kule?"

"Kule ni shamba la mtu, mama."

"Na hapa ni pa nani?"

Kijana akafunua makaratasi yake, akayafunika. Mkutano ukafungwa, na tukaambiwa kwamba tumeelimishwa.

Wiki iliyofuata wapimaji wa mradi wakaja kuondoa vile vigingi na kuzika bikoni za zege. Wakaanzia uani kwangu, kwa makusudi. Safari hii mtu alikuwa amewasimulia desturi yetu. Mhandisi akaniita pembeni, sauti ya chini.

"Mama, wewe ni mwenzetu. Ishike hii ya kwanza tu. Wakikuona wewe, wengine wote watashika."

Sijawahi kutukanwa hivyo. Desturi iliyowekwa ili mwenye nyumba asipitwe, leo waitumie kumpita, na mkono wa kufanyia hivyo uwe wangu. Nilimtazama Mama Kalunde, yuko mlangoni kwake, kanga ameikaza kiunoni. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

Nikaikunja kifuani. "Sishiki."

Basi wakaiegemeza kwa mawe, wakamimina zege, wakavuka kwenda kwa Mama Kalunde. Naye akakunja mikono. Mtaa mzima ukakunja.

Kung'oa bikoni ni kosa la jinai. Najua vizuri, maana nimewaonya watu juu ya kosa hilo Urambo, Kaliua na hapa mjini, kwa sauti hii hii. Watu huniuliza kustaafu kukoje, wakitaka niwaambie nimepumzika. Sijapumzika. Kazi niliyoipenda maisha yangu yote wameigeuza kuwa kazi ya kuvizia watu wakiwa kanisani, na hilo sitawasamehe.

Kwa hiyo niliingia jikoni, nikavaa viatu vyangu vya kazi, nikatoka nao bado wako mtaani, mchana kweupe, mhandisi ananitazama. Nikainama uani kwangu, nikaing'oa ile bikoni. Hawakuipimia vizuri saruji, ilitoka upesi.

Sikuitupa. Iko hapa kizingitini, zege limeikaukia upande mmoja. Anayeitaka aje, abishe hodi.