Safari ya Kilambo, Kuzima Moto kwa Mama Mkwe

Habari ilitufikia Mikindani siku ya Ijumaa baada ya swala, nami nimekaa kwenye cherehani yangu barazani. Mtu mmoja aliyeleta muhogo kutoka Kilambo alisema mvua zimekosekana huko mwaka wa pili, majani yamekauka kama karatasi, na moto wa porini umekwisha kula mashamba mawili. La tatu katika mstari huo lilikuwa shamba la mikorosho la mama mkwe wangu, Bi Asumini. Shemeji zangu wote wawili walikuwa Mtwara kwenye kazi ya bandari mpya iliyokuwa ikijengwa, na msimamizi wao alikataa kuwapa ruhusa.

Mke wangu Somoe alisimama mlangoni akaniangalia.

"Bakari, mikorosho ile aliipanda marehemu baba kwa mkono wake. Mama hana kingine. Nenda."

"Mimi ni fundi nguo," nikasema. "Moto ninaoujua mimi ni wa pasi."

"Basi huohuo."

Sikuogopa moto peke yake. Mkwe mwema wa kwetu hasimami uso kwa uso na mama mkwe. Akipita yeye, wewe unageuka pembeni. Akiwa na neno, anampa mtu wa tatu akuletee. Kwa miaka saba ya ndoa nilikuwa nimemwona Bi Asumini mgongo tu, tena kwa mbali. Kwa hiyo usiku ule nilijishonea suruali mpya ya drili nyeupe, yenye mkunjo ulionyooka kama uzi wa timazi. Nilisema moyoni, kama hatanisikia nikisema, angalau anione nimevaa.

Jumamosi alfajiri nilipanda lori la mbao hadi Mtwara, na kutoka hapo nikaendelea kwa baiskeli ya kuazima. Njia ilikuwa mchanga mtupu. Vijijini watu walichimba visima vyao kwenda chini zaidi, na ndoo ikipanda inaleta tope. Kila nilipoomba maji ya kunywa nilipewa nusu kata, na mwenye nyumba anaikodolea macho kata yake mpaka nimeirudisha.

Nilipovuka kijiji cha Ziwani tairi la mbele lilipasuka. Sikuwa na kiraka. Nilifanya wanavyofanya watu wa njia ile: nikang'oa majani makavu, nikayashindilia ndani ya tairi mpaka likajaa kama mto wa kulalia, nikaendelea.

Saa nane nilifika mahali palipoungua siku iliyotangulia. Ardhi ilikuwa nyeusi pande zote, na visiki vilikuwa bado vinafuka njiani. Nikapita katikati ya makaa kwa kasi ili nisiunguze viatu. Baada ya hapo nilianza kunusa moshi. Nikasema, moto uko karibu, bora nikaze mwendo. Kadiri nilivyokaza, moshi ulizidi. Nilimhurumia sana Bi Asumini.

Nikaingia Kilambo hivyo hivyo. Wanawake waliokuwa wakitwanga waliacha michi juu.

"Jamani! Moto umekuja na baiskeli!"

Nikatazama chini. Gurudumu la mbele lilikuwa linafuka kama chungu cha ubani. Watu walinivamia kwa majembe, wakanivuta nikaanguka, wakalizika gurudumu mchangani. Mtu mmoja alitaka kunizika na mimi. Aliyeniokoa ni jirani wa mama mkwe, Mzee Chitanda, mtu mwema mwenye masikio mazito.

"Mwacheni!" alipaza sauti. "Huyu nkwe wa Asumini. Amekuja kutusaidia kuzima moto."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Ndani ya nyumba nilisikia mtu mmoja hacheki.

Siku mbili zilizofuata tulifanya kazi ya kweli. Mimi na Mzee Chitanda tulilima ukanda mtupu kuzunguka shamba, upana wa hatua sita, tukafagia kila jani ili moto ukifika ukose chakula. Viganja vyangu vilivyozoea sindano vilitoka malengelenge. Bi Asumini alifanya kazi upande wa pili wa miti, akiwa amejitanda kanga, na maagizo yake yalipitia kwa mzee.

"Mwambie afagie mpaka chini ya mti!"

"Anasema ufagie mpaka kwenye kiti," Mzee Chitanda aliniletea.

Nikaenda kufagia kiti. Nilisikia mama mkwe akishusha pumzi ndefu nyuma ya mkorosho.

Siku ya tatu, baada ya adhuhuri, upepo uligeuka. Kuna watu waliokuwa wamechoma majani upande wa bondeni kutafuta panya, na moto ukawashinda. Tuliusikia kabla ya kuuona, unavunjavunja kama mtu anayetembea juu ya makopa, muhogo uliokaushwa juani. Kisha ukatokea, mrefu kuliko mimi, na mikorosho ilikuwa imejaa maua.

Mzee Chitanda alikimbia kupiga ngoma ya kuita watu, kisha akarudi kwetu. Maji ya kuzimia moto hayakuwapo. Tulikata matawi mabichi ya mikorosho yenyewe, tukaanza kuupiga moto kila uliporusha cheche ndani ya ukanda. Mimi niliupa moto mgongo ili nipige cheche zilizotangulia. Nilikuwa najiona hodari sana. Nilisikia joto nyuma, lakini nikasema, ndiyo kazi yenyewe.

Bi Asumini akapiga ukelele kutoka kule kwake. "Chitanda! Mwambie avue!"

Mzee akanisogelea. "Anasema uvue."

"Nivue nini?"

Akageuka. "Anauliza avue nini?"

Mama mkwe hawezi kuitaja nguo hiyo ya mkwewe mbele ya watu.

"Hiyo! Hiyo aliyonayo! Avue upesi!"

Mzee Chitanda akafikiri. "Nadhani samaki," akaniambia. "Lakini Ruvuma iko mbali, na nyavu sina."

Hapo ndipo Bi Asumini alipotoka nyuma ya mti. Kanga imemwanguka mabegani, uso umejaa masizi, alinijia mbiombio na kidole kimenyooka.

"Suruali, we Bakari! Suruali inaungua! Vua, mwanaharamu, utakufa!"

Nilivua. Sikuwahi kuvua nguo haraka kiasi hicho, na mishono yangu ni imara. Akaivuta kutoka chini ya mkorosho ndoo ya muhogo uliovundikwa majini siku nne, akanimwagia maji yake yote, harufu na vyote. Kisha akanitupia kaniki yake ya shambani na tawi jipya.

"Jifunge. Simama pale. Piga!"

Nikajifunga, nikasimama, nikapiga. Hatukupitia kwa mtu tena. "Kulia kwako!" "Nimeuona, mama!" "Usikanyage, piga!" Watu wa kijiji walifika na matawi yao, tukawa mstari mmoja. Moto ukaja mpaka kwenye ukanda, ukahangaika huku na huku, ukakosa njia. Ilipofika alasiri ulikuwa moshi tu. Miti minne ya ukingoni iliungua. Iliyobaki yote ilisimama na maua yake. Bi Asumini alikaa chini, akashika shina la mkorosho mmoja, akalia bila sauti. Na mimi nilikaa, nimevaa kaniki ya kike, nanuka muhogo, nikalia naye. Mzee Chitanda alituuliza nani amekufa.

Kesho yake asubuhi adabu zilirudi mahali pake. Nilipokuwa nafunga mzigo, Bi Asumini alikaa ndani, akamtuma mzee aniletee kuku na salamu. Salamu zilipofika zilikuwa zimekwisha kuwa jambo jingine, kitu kuhusu mlango, lakini nilishukuru.

Nilirudi kwa miguu hadi Mtwara nikiisukuma baiskeli, kisha kwa lori. Ninyi wenzangu wa Mikindani mnaoishi karibu na majani makavu, nimejifunza haya: limeni ukanda mapema, fagieni vizuri, tumieni matawi mabichi, na asiwepo mtu wa kupeleka maneno mwenye masikio mazito.

Jambo moja zaidi sikumwambia mtu. Pale kwenye moshi niliuona uso wa mama mkwe kwa mara ya kwanza. Macho yale, kidevu kile, hasira ile: ni Somoe mtupu, na miaka thelathini juu yake.

Nilipoingia ndani Somoe alikuwa anapepeta mchele. Nilisimama namtazama mpaka akaacha.

"Una nini? Mbona unanikodolea macho hivyo?"

"Basi tu," nikasema. "Nimefurahi kujua utakavyokuwa."