Pallium

Daktari alilitamka mara moja tu, kwenye korido ya hospitali pale Njombe: palliative. Akasema ndiyo huduma atakayopewa mama kuanzia sasa, kisha akaitwa wodi nyingine. Baba akanigeukia. Mimi ndiye mwalimu wa Kiingereza katika familia, nafundisha sekondari Makambako, na kila cheti cha dawa na kila barua ya ofisini huletwa kwangu nitafsiri.

“Haya, mwalimu,” akasema. “Kasemaje?”

Nilijua kasemaje. Kasema mama hatapona. Lakini nilikuwa nimekufa ganzi tangu asubuhi, sisikii uchungu wala njaa, nikakimbilia kamusi ya kwenye simu. Nikamweleza baba kwamba neno hilo lina asili ya Kilatini, pallium, yaani joho, na kwamba hapo mwanzo lilimaanisha kumfunika mtu kwa joho. Nilieleza vizuri kabisa, utadhani niko mbele ya kidato cha tatu. Kwamba siku hizi ni kumpunguzia maumivu mtu ambaye ugonjwa wake hautibiki, hilo halikunitoka mdomoni.

Baba alifurahi. Utotoni alitumikia misa ya Kilatini misheni, na Kilatini kwake hakidanganyi.

“Si nilisema ni baridi!” akasema. “Mlinibishia.”

Na kweli, Julai ya Njombe haina mchezo. Akashuka sokoni, akarudi na blanketi zito la rangi ya maruni. Akamfunika mama mpaka kidevuni, akachomeka pembe zake chini ya godoro.

“Daktari kaagiza ufunikwe,” akamwambia, kisha akatoka kutafuta chai.

Mama alinitazama. Hakuwahi kusoma Kiingereza, lakini kulala wodini alikuwa amelala vya kutosha, na wanaofunikwa alikuwa amewaona.

“Wameshindwa, eti?”

Nikaitikia kwa kichwa. Nilingoja machozi, hayakuja.

“Baba yako usimwambie,” akasema, kwa sauti ileile anayoniagizia chumvi. “Mwache. Amepata cha kufanya.”

“Sawa, mama.”

Baba akaingia na chupa ya chai, akainama kumtazama.

“Unasikia joto sasa?”

“Nasikia,” mama akajibu. “Umefanya vizuri.”

Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na mikono yake hakuitoa.