Jezi Iliyobaki Mkobani

Kila Agosti mwili huniambia nimezeeka, na kila Agosti timu yangu ya Dar huniambia ningoje kidogo. Hapa Stockholm ligi ya wenyeji imeshavuka nusu, sisi ndiyo kwanza tunaanza: wachezaji wapya, kocha mpya, ahadi zilezile. Nimeziamini miaka mingi mno. Mwaka huu niliketi mbele ya simu, nyumbani Rissne, miguu ndani ya beseni la maji ya moto baada ya zamu ya kuwaogesha wazee wa watu, nikaomba jambo ambalo sijawahi kuliomba. Niliomba tufungwe.

Tulikuwa tunacheza na watani wetu wa jadi, na mtani wangu mwenyewe anaishi Rågsved. Yeye na marehemu mumewe walikuwa wa upande wa pili. Kwa miaka ishirini, timu yangu ikifungwa, simu yake iliingia kabla refa hajaondoka uwanjani: "Mtani, pole na msiba!" Ikifungwa yao, nilipiga mimi. Hatukuwahi kuitana kwa jina. Tangu mumewe azikwe mwezi wa tano, simu haikulia tena.

Kosa lilikuwa langu. Kwetu mtani haji msibani kulia tu. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa mpaka wapumue. Tena marehemu alishaniagiza mara nyingi, huku anacheka: "Siku nikifa, usije ukanifunika na hiyo jezi yenu." Kila Mtanzania wa hapa alijua maana yake: nije nayo. Nilikwenda nayo, nimeikunja ndani ya mkoba. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, majirani wa Kiswidi wameinamisha vichwa, nami nilikuwa nimetoka zamu mbili mfululizo, akili imelala. Nikaogopa kuonekana sina adabu. Nikampa mfiwa mkono, nikasema, "Pole sana, dada." Dada! Kama karani wa benki. Aliutazama mkoba wangu, kisha akamgeukia mtu mwingine.

Kwa hiyo niliomba tufungwe. Nilijua tukifungwa hataweza kujizuia. Atapiga, atanicheka, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Binti yangu aliponisikia nikiwasihi washambuliaji wa wenzetu wapige golini, aliniuliza kwa Kiswidi kama nina homa.

"Sina homa, mwanangu. Nimechoka."

Tukashinda mbili bila. Timu inayoniangusha kila mwaka, siku niliyoitaka iniangushe ikakataa! Goli la pili niliushika uso kwa mikono miwili, na binti akadhani ni furaha. Sasa ilikuwa zamu yangu kupiga simu. Nimtanie mjane? Nilikaa nikiitazama namba yake mpaka maji ya beseni yakapoa. Lisilo budi hutendwa. Nikapiga.

"Haloo," akasema. Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko yangu.

"Mtani," nikasema, "mumeo alikuwa mjanja. Aliona msimu huu mtafungwa, akawahi kuondoka."

Nikajiona sina utu hata kidogo. Kisha nikasikia sauti ambayo sikujua ni kicheko au kilio, ikaendelea kwa muda, nami machozi yakanitoka palepale kwenye kiti.

"Miezi mitatu, mtani," akasema alipopata pumzi. "Nilidhani siku ile nimezika wawili."

"Jezi nilikuwa nayo," nikamwambia.

"Najua. Mkono wa jezi ulikuwa unachungulia mkobani. Nilikungoja uitoe."