Vinywa Tulivyoazima Kujifunzia Skana

Siku yangu ya kwanza kazini, Daktari Msimamizi wa kliniki ya meno ya Kasese, magharibi mwa Uganda, aliketi katika kiti cha wagonjwa, akafungua kinywa chake mwenyewe, akaniamuru niskani meno yake. Ilikuwa miaka ya 2010 ikielekea ukingoni. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu cha afya ya kinywa, na kliniki ilikuwa imepokea kama msaada skana ya kwanza niliyowahi kuishika.

Najua kumbukumbu za kazi huandikwa na wastaafu. Mimi ningali kijana. Nilichostaafu ni kiti kile tu, kwa kuwa sasa nafundisha. Lakini wanafunzi wangu huniuliza tulijifunzaje, na naona deni la shukrani lisingoje mvi.

Daktari Msimamizi aliwahi kuwa tabibu wa meno jeshini, na mji mzima ulimwita Afande. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, kifupi na kikali. Nilipomaliza kumskani, aliitazama picha kwenye kompyuta kwa muda mrefu.

“Binti Biira,” akasema, “hii ni mdomo yangu ama ya punda?”

Taya lake lilikuwa limepanuka kwenye picha, na magego ya upande mmoja yamekwenda kando. Niwaeleze wasomaji sababu. Skana ya kinywa ni kifaa chenye kichwa kidogo kama mswaki mnene. Haipigi picha moja ya kinywa kizima. Hupiga vipande vingi vidogo, na kompyuta huvishona pamoja hadi vikawa umbo la pande tatu. Kila mshono una kosa dogo lisiloonekana. Mkono ukitangatanga, makosa hayo hurundikana, na ukifika gego la mwisho umeshapotea njia.

“Futa,” akaamuru. “Anza tena.”

Tangu hapo nilimskani Afande kila asubuhi kabla ya wagonjwa. Alinifundisha njia ya kupita: kuanza juu ya gego la mwisho, kufuata sehemu za kutafunia hadi ng’ambo ya pili, kurudi kwa ndani upande wa ulimi, kisha kumalizia kwa nje upande wa shavu. Kila picha tuliilaza juu ya umbo la taya lake lililotengenezwa kwa plasta na kupimwa kwa makini na maabara ya Kampala. Zilipokubaliana, kompyuta ilipaka kijani, zilipotofautiana, nyekundu. Wiki za kwanza nilipaka nyekundu tupu. Kisha mlinzi wa kliniki akaazimisha kinywa chake, na mpishi, na Sista wa Dawa, muuguzi aliyetunza dawa zetu na aliyekuwa na mate mengi kuliko wote; nao tukawatengenezea maumbo yao ya plasta ya kulinganishia. Nawashukuru hao kwanza. Plasta haisogei wala haisemi, haina ulimi, haimezi mate. Mkono uliojifunza kwa plasta peke yake haujui kinywa cha mtu.

Ndipo akaja Mama Kavira. Alizaliwa Butembo, Kongo, akaolewa Karambi, upande wetu wa mpaka, na alikuwa mwonjaji wa kahawa katika chama cha wakulima. Kazi ya mwonjaji ni kuchota kahawa kwa kijiko na kuifyonza kwa kishindo, imrukie ulimi na kaakaa kwa pamoja, kisha kuitema na kusema ubora wake. Pikipiki ya boda boda aliyopanda ilianguka njiani huko Kikorongo, akapoteza meno mawili ya mbele juu. Kahawa ikawa inapenya pengoni na kumwagika kidevuni. Kliniki nyingine ilimpa meno ya kuvaa na kuvua, lakini hayo hushikwa na sahani ya plastiki inayofunika kaakaa.

“Ni sawa kunywa kahawa na kofia,” alituambia. “Sisikie kitu. Na banunuzi banakuya musimu hii. Chairman alisema kama sina meno, ataweka mutu mwingine ku meza.”

Alihitaji daraja, yaani meno bandia yanayoegemea meno jirani yaliyochongwa, bila sahani. Daraja hudai kipimo sahihi mno. Kingo zake zikiacha mwanya, chakula huingia na kuoza humo, na kwa mwonjaji harufu hiyo ni mwisho wa kazi. Kipimo cha kawaida huchukuliwa kwa kujaza kinywa uji mzito unaoganda. Huo ulimtapisha alipotengenezewa ile sahani, naye akaapa hataurudia. Ilibaki skana.

Nilitaka tumskani siku ileile. Afande alikataa.

“Mama huyu atapoteza kazi, Afande,” nilisema. “Tunamchelewesha kwa nini, na kifaa kipo?”

“Kifaa iko. Mkono iko wapi?” akajibu. “Wewe una huruma, hiyo ni mzuri. Lakini picha ya jana ilikuwa nyekundu. Utampatia mama huruma avae kwa meno?”

Nilikasirika. Niliamini, na ningali naamini, kwamba maskini hapaswi kungoja. Lakini usiku niliona kwamba nilichokuwa nakitetea ni haki yangu ya kujifunzia kinywani mwake, si haki yake ya kupata meno. Nikarudi kwa Sista na mate yake. Nilifanya mazoezi hadi njia ikakaa mkononi kama njia ya nyumbani, na kijani kikatawala picha baada ya picha. Mkono ulipoacha kunishughulisha, nikaanza kuona. Niligundua kwamba pale skana inapokosa kuona, kwa sababu ya mate au damu, kompyuta huweza kuliziba pengo kwa kukisia, na sehemu iliyokisiwa huwa laini na nzuri kupita ile ya kweli.

Msimu wa kahawa ulipokaribia, Afande alisema, “Sasa twende Bwera.” Huko kliniki yetu ilikuwa na chumba kimoja karibu na mpaka wa Kongo, na Mama Kavira aliweza kufika kwa urahisi. Tulifunga pazia, kwa kuwa jua likimulika meno huisumbua skana. Afande alichonga meno mawili ya jirani, akanipisha.

Tatizo likawa ulimi. Ulimi wa mwonjaji haukai. Kila nilikopitisha kichwa cha skana, ulikifuata na kukigusa.

“Mama, tafadhali tuliza ulimi.”

“Mutoto yangu, ulimi hii inafundishwa miaka mingi,” akasema nilipotoa kifaa. “Kitu ikiingia, lazima iende kuuliza: weye uko nani?”

Afande alicheka hadi akainama. Niliushika ulimi kando kwa kioo kidogo cha kukagulia meno, nikafuata njia yangu. Picha ikakamilika, safi, ya kupendeza. Mama Kavira akaanza kushuka kitini; boda wake alikuwa akipiga honi nje.

“Mimi naona iko sawa,” Afande akasema.

Nikaitazama tena. Nyuma ya jino moja lililochongwa, pale ukingo unapokutana na ufizi, palikuwa laini mno.

“Hapana, Afande. Hapa imekisia.”

Alisogea, akavaa miwani, akapakagua. Kisha akasema neno aliloniambia kila asubuhi: “Futa.”

“Eh! Si mulisema ilikwisha?” Mama Kavira akalalamika. “Taya yangu inachoka!”

“Mama, nikiituma hivi Kampala, watatengeneza daraja la jino ambalo huna.”

Alinitazama, akamwambia boda angoje, akarudi kulala. Tulikausha damu, tukaingiza uzi mwembamba kati ya ufizi na jino ili ukingo ujitokeze, nikaskani upya sehemu ile. Safari hii mstari ulitokea wenye mikwaruzo ya chombo cha Afande, mbaya kwa sura, na wa kweli.

Daraja liliporudi kutoka Kampala, Afande alilivalisha likakaa bila kusukumwa. Alipitisha ncha ya kifaa chake ukingoni pande zote, haikukwama popote. Mama Kavira hakuomba kioo. Aliomba maji na kijiko. Akafyonza kwa kishindo hadi wagonjwa wa nje wakachungulia mlangoni, na hakuna tone lililoanguka. Wanunuzi walipofika, alikuwa mezani pake.

Siku hizi mashine ni bora na wanafunzi wangu husema zinajirekebisha zenyewe. Nafurahi. Hata hivyo kila mmoja wao huanza kwa kunikalisha kitini na kuniskani, nami hufungua kinywa bila kinyongo, kwa sababu wapo waliofungua vyao kwa ajili yangu.

Nilipokuwa naondoka Kasese nilikwenda kumuaga Mama Kavira katika chumba cha kuonjea. Alinipangia vikombe, akanipa kijiko. Nikafyonza cha kwanza, cha pili, cha tatu, nikakiri kwamba kwangu vyote ni kahawa.

Akacheka, meno yote nje, akavijaza tena.

“Rudilia, mutoto yangu. Pole pole.”