Goti Langu Mikononi mwa Mamamkwe

Plasta ilipokatwa, nilidhani nitashuka kitandani na kwenda zangu. Mguu wa kulia ulitoka mwembamba, ngozi inabambuka, umenyooka kama mpini wa jembe. Nilitaka kuukunja. Haukukunjika.

Bwana yangu alikuwa motard, dereva wa pikipiki, akibeba watu kati ya Mavivi na Beni mjini. Siku ya ajali mimi ndiye niliyekuwa nyuma yake. Lori lilitusukuma nje ya barabara, yeye akafa palepale, mimi nikavunjika paja, karibu na goti. Walimzika nikiwa hospitalini. Matanga yake sikuyaona.

Kiné, yule muuguzi wa kunyoosha viungo, alinieleza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Ncha za mifupa gotini zimevikwa kitu laini, akasema, na katikati kuna majimaji mazito kama ute wa yai. Goti likitembea, majimaji hayo yanazunguka na mifupa inateleza bila kusuguana. Likilala muda mrefu, nyama zinakazana na kushikamana. Akataka mtu wa nyumbani anikunje goti kila siku.

"Mama, hata ukilia, likunjwe," akaniambia. "Ukilihurumia, litabaki mti."

Nilirudi Bungulu, mtaa wa Beni, katika parseli, kiwanja cha mamamkwe, ambako tuliishi tangu ndoa. Hapo ndipo nilipojua goti hufanya nini. Choo kilikuwa cha shimo. Sikuweza kuchuchumaa, nikajishikilia ukutani kama mlevi. Kigoda cha jikoni kilikuwa kifupi mno kwangu. Kanisani nilikaa mwisho wa benchi, mguu umeziba njia, watu wakiuruka. Nyonga ndiyo ilifanya kazi yote: niliinua kiuno, nikautupa mguu kwa nje kama mtu anayefyeka majani.

Mama yangu alikuja kutoka Butembo kunisaidia. Alisukuma kidogo, nikalia, akaacha, naye akalia. Kesho yake vilevile. Goti halikusogea.

Mamamkwe alikuwa akitutazama kutoka mlangoni, anamenya mihogo. Siku moja aliweka kisu chini, akamwambia mama yangu aondoke. Alinilaza kifudifudi juu ya mkeka, akanikalia mapajani, akashika kifundo cha mguu na kukivuta kuelekea matakoni. Nilipiga kelele mpaka majirani wakanyamaza.

"Lia tu," akasema. "Mwenye angekusikia, tulimuzika."

Tangu hapo alikuja kila asubuhi kabla ya kwenda shamba. Viganja vyake vilikuwa vigumu kwa jembe. Alivuta huku akinisema: kwamba ni mimi niliyemtoa mwanawe nyumbani siku ile, kwamba Mungu alichanganya watu wawili barabarani. Nilipouma mkeka nisilie, alivuta zaidi, mpaka nilie. Mama yangu alishindwa kuvumilia, akarudi Butembo.

Goti lilianza kutii. Kiné alilipima, akafurahi, akauliza nani ananisaidia. Nikamwambia ni mama ya bwana yangu.

"Anakupenda sana," akasema.

Asubuhi moja mamamkwe alikamata mguu lakini hakuuvuta. Alikaa juu yangu, nikasikia anavyopumua. Kisha akauliza kama mwanawe alisema neno kabla ya kukata roho. Ningeweza kumpa neno. Ningeweza kusema alimwita. Lakini nilikuwa nimechoka naye, nami nilitaka aumie.

"Hapana," nikamwambia. "Hakusema kitu."

Akauvuta mguu kwa uzito wake wote. Ndani ya goti kitu kilipasuka kwa mlio kama wa kuni kavu, nikaona giza. Nilipofumbua macho, kisigino changu kilikuwa kimegusa tako. Yeye alikuwa amekwisha kuchukua jembe lake na kutoka.

Goti lilivimba, likapoa, kisha likakunjika lote. Mamamkwe aliwaita mashemeji zangu. Mbele yao aliniamuru nichuchumae katikati ya ua, nisimame, nichuchumae tena, kama mtu anayejaribu mbuzi kabla ya kumnunua.

"Sasa uko muzima," akasema. "Rudia kwenu."

Nguo zangu zilikuwa tayari zimefungwa ndani ya kikwembe, kitenge changu cha kujifunga. Nilitembea mpaka barabarani bila fimbo, na hakuna aliyenisindikiza.

Sasa nalima maharagwe na mama yangu, kwenye mteremko ambao mtu wa goti kavu hawezi kuupanda. Nilimwona mamamkwe mara moja tu, kwenye mkutano wa kanisa huko Beu, mjini Beni. Nilimsogelea nimsalimu. Aliitazama miguu yangu, akaitazama tena, lakini hakuinua macho mpaka usoni. Kisha akampa mkono mwanamke aliyekuwa kando yangu, wakaanza kuongea habari za mvua.